Mchezo Uliokatizwa na Mvua

Mwanangu Nashipae,

Mambo ya blanketi, ya mbu wa Kisumu, ya mahali pa kuficha pesa na ya nani wa kupigia simu ukifika nimewaachia baba yako na shangazi yako. Wamekwisha kukuambia yote zaidi ya mara moja, na kesho asubuhi watakuambia tena ukiwa umeshika mzigo. Wewe sasa umeenda kuwaaga wenzako wa kwaya, jua bado liko juu ya ua, nami nimekaa mezani na hii karatasi. Nataka nikuambie jambo ambalo nimelizunguka tangu ulipokuwa mdogo. Nikijaribu kulisema kwa mdomo najua nitasimama niende kuangalia kama maziwa yamechemka.

Linahusu mchezo wa kuigiza. Wewe hujawahi kuniona jukwaani, na najua ukisoma hapa utacheka. Lakini kuna mwaka ambao mama yako aliigiza, tena kwa mashairi. Nilikuwa mke wa mtu aliyepoteza kila kitu. Nawe ulikuwepo, tumboni mwangu, ukipiga teke kila mtu alipopiga makofi.

Unajua kwamba kabla yako alikuwako Lemayian. Unamjua kwa ile picha ya ukutani, amevaa sweta ya nasari, jino la mbele limeng'oka. Mengine huyajui kwa sababu sikuyasema. Siku hizo Kitengela haikuwa hivi. Hapo penye fleti za rangi ya kijani palikuwa nyasi tupu, na ukisimama mlangoni petu asubuhi uliona nyumbu wakipita nyuma ya choo kama majirani wanaokwenda kazini. Pundamilia walikuja hadi kwenye ua. Lemayian aliwaita punda wa baba. Alimwuliza baba yako kwa nini hatuwakamui, na baba yako, ambaye unajua vile anavyocheka kwa shida, alicheka hadi akakaa chini.

Kisha ukaja ukame. Baba yako alihamisha ng'ombe kuelekea Bisil, halafu mbali zaidi, na kila aliporudi alikuwa na wachache kuliko aliokwenda nao. Ili anunue nyasi kavu na maji, aliuza kile kipande cha chini cha shamba kwa mtu wa kutoka Nairobi. Hakufurahi. Alirudi nyumbani siku hiyo akakaa nje bila kuvua viatu. Hazikupita wiki nyingi, Lemayian akaamka na homa. Kesho yake shingo ilikuwa imekaza. Tulimkimbiza hospitali, wakafanya walichoweza, na siku iliyofuata hatukuwa na mtoto. Daktari, msichana mdogo tu, alinishika mkono akaniambia, "Mama, hii ugonjwa haichagui. Hakuna kitu mngefanya." Nilimsikia. Lakini nilipofika nyumbani maneno hayo hayakunitosha, kwa sababu watu walikuwa wamekuja na maneno mengine.

Walikuja na sukari na majani ya chai, na kila mmoja alikuwa amebeba sababu. Mjomba wa baba yako alisema, "Ardhi ya wazee haikatwi hivi hivi." Mama mmoja wa kanisani alinivuta kando akaniambia kuna mlango tulioufungua, tuombe tuonyeshwe ni upi. Mwingine alisema Mungu alimchukua kwa sababu alimpenda, nikabaki kujiuliza, na mimi je? Hawakuwa watu wabaya, Nashipae. Wengine bado unakunywa chai kwao. Waliogopa. Kama sisi tulikuwa na kosa, basi wao wasio na kosa hilo wangelala usingizi.

Mtu mmoja tu hakuleta sababu. Mzee Abdi, huyu unayemjua wewe kwa peremende zake, alikuwa akinunua mbuzi Bisil na kuuza nguo hapa mjini. Alikuja, akasema poleni, akageuza jerikeni juu chini akalikalia pale nje karibu na baba yako. Hakusema kitu kingine. Jua lilipoteremka aliondoka. Kesho yake akarudi kwenye jerikeni lile lile.

Mimi nami nilianza kutafuta kosa. Nilipekua maisha yangu yote. Nilikumbuka siku niliyomchapa Lemayian kwa kumwaga maziwa. Nilikumbuka mama mkwe niliyemjibu vibaya kabla hata mtoto hajazaliwa. Ukiwa na kosa, unaweza kutubu, na ukitubu unaona kama dunia ina mpango. Bila kosa unabaki tu na kitanda kidogo kisicho na mtu. Basi nilitafuta, na nilipochoka kujitafuta mwenyewe nilimgeukia baba yako. Nilimwambia akiwa amesimama mlangoni, "Uliuza mahali pake, na Mungu akamchukua."

Alitoka nje akaenda kumfunga ndama ambaye tayari alikuwa amefungwa. Kuanzia hapo tuliongea mambo ya chumvi na maji tu. Hata nilipojua nina mimba yako, nilimwambia kama mtu anayeripoti kwamba gesi imeisha.

Katika hali hiyo ndipo Mwalimu Tipape alipofika. Alikuwa anafundisha Kiswahili katika shule moja ya upili Kajiado, mtu mwembamba, ng'ombe wake wote walikuwa wamekufa. Badala ya kunywa pombe aliandika mchezo. Ulikuwa juu ya mfugaji tajiri na mwenye haki anayepoteza mifugo, kisha watoto, kisha afya, na marafiki wanakuja kumwambia lazima ametenda dhambi. Yeye mwenyewe angekuwa huyo mfugaji. Alikuwa anatafuta mke.

"Nimejaribu wasichana wengi," aliniambia. "Wanalia vizuri. Lakini hawajui kunyamaza."

Nilitaka kumwambia aende zake. Baba yako alikuwa anachonga mpini wa shoka pembeni, na bila kuinua kichwa alimwambia Mwalimu, "Aende." Ndilo neno la kwanza aliloliweka juu yangu kwa muda mrefu.

Mwanangu, nikikumbuka zile Jumamosi bado nazitamani. Tulifanya mazoezi katika nasari moja hapa Kitengela, watu wazima tumekalia viti vya watoto, magoti yakigusa kidevu. Ukutani kulikuwa na picha za a ya ananasi na b ya bata. Mwalimu Tipape alihesabu mizani kwa kugonga meza na dasta, vumbi la chaki likipanda, na ukikosea silabi moja anasimamisha mchezo mzima kama refa. Tulikuwa na chai kwenye thamosi na mandazi. Nje kulikuwa kukavu hadi mbwa walikuwa wanalala kwenye kivuli cha nguzo za stima. Ndani tulikuwa tunapiga kelele kwa vina. Nilianza kula tena kwenye ile nasari.

Mzee Abdi alikuja siku moja kuniletea kitambaa cha vazi la jukwaani, na Mwalimu aliposikia ile sauti yake nzito akataka awe sauti ya Mungu nyuma ya pazia.

"Hapana, Mwalimu," Abdi alisema. "Mimi ni Muislamu. Hiyo sauti siwezi kuigiza, hata ukinipa ng'ombe. Nipe mtu."

"Basi uwe rafiki wa nne."

"Anasema nini?"

"Wale watatu wanasema sana. Wewe utakaa tu."

"Hiyo naweza. Kiswahili yangu ni ya soko."

Sauti ya Mungu ikapewa kijana mmoja wa kwaya. Maskini kijana huyo alipata taabu, maana kila Jumamosi Mwalimu alimletea jibu jipya. Wiki moja Mungu alikuwa mkali, wiki nyingine mpole, wiki nyingine anaongea juu ya nyota. Mwalimu alikuwa akisikiliza, anatikisa kichwa, anaitia karatasi mfukoni. "Bado," anasema. "Huyu bado ni mimi naongea."

Mwisho wa mchezo, mfugaji anarudishiwa kila kitu. Ng'ombe wapya, nyumba mpya, watoto wapya. Mimi nilitakiwa kupokea mtoto, yaani mwanasesere aliyefungwa kwa shuka, na kusema beti za shukrani. Nilizikariri. Lakini kila nilipofika hapo nilimweka mwanasesere chini. Siku moja nikamwuliza, watu wote wakisikia.

"Mwalimu, hawa watoto wapya ni wa nini?"

"Ni baraka. Mungu amemrudishia."

"Na wale wa kwanza?"

Alivua miwani. "Hilo swali nimelala nalo," alisema.

"Mtoto si ng'ombe. Huwezi kwenda Bisil ukanunua mwingine halafu useme zizi limejaa."

"Sasa unataka nimalize vipi? Niwaache mfugaji na mkewe mikono mitupu?"

"Sijui. Mimi si mwandishi."

"Labda hakurudishiwa," alisema. "Labda alikubali tu kupenda tena, na huku anajua vile inaweza kuisha. Lakini hiyo siwezi kuiweka kwa vina."

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeweka mkono tumboni, na kwa mara ya kwanza nilikuogopa. Sikuogopa kukuzaa. Niliogopa watu watasema wewe ni nani.

Siku ya mchezo tulikuwa katika ukumbi mmoja Kajiado, wa mabati, umejaa watu hadi madirishani. Wazee walikaa mbele na fimbo zao. Kina mama walikuja na watoto mgongoni. Joto lilikuwa la kukaza kichwa. Sikutarajia baba yako aje, alikuwa amesema ana kazi na ng'ombe wawili waliobaki. Lakini nilipotoka kusema maneno yangu nilimwona, amesimama kando ya mlango na kofia mkononi. Ubeti wenyewe bado naukumbuka:

*Ng'ombe akifa nalia, chozi langu lina mwisho,*
*Mvua ikirudia, hurudi pia malisho,*
*Mwana nikimlilia, hakuna wa badilisho,*
*Nionyeshe kosa langu, nilijue japo jina.*

Nilipofika mstari wa mwisho baba yako aliinamisha kichwa. Wengine waliinua vichwa kunitazama, yeye aliinamisha, kama mtu ambaye jina lake limeitwa. Hapo nikaelewa nilichomfanyia. Nilikuwa namwomba Mungu anionyeshe kosa, na kumbe kosa nililokuwa nimelipata nilikuwa nimembebesha yeye, naye alikuwa amelibeba mwaka mzima bila kulitua, kwa sababu alidhani akilitua mimi sitakuwa na kitu cha kushika.

Mchezo uliendelea. Marafiki watatu walisema sana. Mzee Abdi alikaa, na nakwambia watu walimtazama yeye kuliko wote. Kisha Mwalimu Tipape akapiga magoti katikati ya jukwaa akamwita Mungu ajibu. Kijana wa kwaya akavuta pumzi nyuma ya pazia. Na mvua ikapiga mabati.

Sikutungii hadithi, Nashipae. Waulize watu wa Kajiado. Ilianza na matone makubwa moja moja, kama mtu anarusha mawe, halafu ikamwagika yote. Tuliliona pazia likitikisika, kwa hiyo kijana alikuwa anasema, tena anapaza sauti, lakini hakuna aliyesikia hata neno. Unajua, kwa Kimaasai chetu neno moja, Enkai, ni Mungu na ni mvua. Bibi mmoja wa mbele alisimama akalitamka hilo neno, akainua mikono, akatoka nje. Wakamfuata. Dakika si nyingi ukumbi ulikuwa mtupu. Wazee walikuwa wamesimama uwanjani wamelowa, midomo wazi. Kina mama walikuwa wanapanga sufuria na jerikeni chini ya paa. Mfugaji wetu mwenye mateso alibaki magotini peke yake kidogo, kisha naye akatoka mbio na vazi lake la majonzi.

Mchezo haukumalizika. Watoto wapya hawakuletwa. Yule mwanasesere alibaki kwenye kiti nyuma ya jukwaa, na beti zangu za shukrani hazijasemwa hadi leo. Baadaye nilimwuliza Mwalimu kijana alikuwa anasema nini siku ile. Akaniambia, "Niliandika beti tano. Namshukuru Mungu hamkuzisikia."

Mzee Abdi aliturudisha na lori lake la mbuzi. Tulipokaribia nyumbani lilizama kwenye ule udongo mweusi, mimi na baba yako tukashuka tukamalizia kwa miguu, kila hatua kiatu kinabeba kilo ya matope. Alinishika mkono kwa sababu yako. Tulienda hivyo, halafu akasema, "Lemayian angependa hii mvua."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitaja jina lake tangu tumzike. Nilisimama pale kwenye matope.

"Haikuwa shamba," nilimwambia.

"Najua."

"Mbona basi hukusema?"

"Nilikuwa nangoja wewe useme," alisema. Tukaendelea kutembea.

Ulizaliwa majani yakiwa marefu. Nataka ujue ukweli wa siku zile pia. Sikukupenda mara moja. Nilikulisha, nilikuosha, nilikufunika, lakini nilikushika kama mtu aliyeazimwa sahani ya glasi. Kisha asubuhi moja nilikuwa nakunyonyesha mlangoni, ukapiga chafya, ukashtuka na chafya yako mwenyewe, ukanikunjia uso kana kwamba ni mimi niliyeipiga. Lemayian hakuwahi kunikunjia uso hivyo. Ulikuwa mtu mwingine kabisa. Nililia hadi shuka yako ikalowa, na kuanzia siku hiyo nilikuwa wako.

Lakini watu walikuwa wamengoja mwisho wao wa mchezo. Walikuja na maziwa wakasema Mungu amerudisha. Walikuwa wameshindwa kuniita Mama Lemayian tangu msiba, jina linawakwama, na sasa walikuwa wamepata Mama Nashipae, wakalikimbilia wote. Mimi nikaitika. Hapo ndipo nilipokosea kwako. Nilipaswa kusema siku ile ile kwamba huyu hakuletwa kulipa kitu. Lakini walikuwa na furaha, nami nilikuwa nimechoka kuwa mtu wa huzuni, nikawaacha. Ni Mzee Abdi tu aliyeendelea, na hadi leo akipita anaita, "Mama Lemayian, hamjambo?" Uliniuliza ukiwa na miaka saba kwa nini anakosea jina. Nikakwambia amezeeka.

Kisha ikaja Jumapili iliyopita. Tumekuombea safari ya masomo ya Kisumu, watu wamekula, na shangazi yako akasimama akasema, "Mtazameni huyu. Hivi ndivyo Mungu hulipa." Wakapiga makofi. Wewe ukatabasamu vizuri, ukatoka. Nilikukuta jikoni unasugua sufuria ambayo ilikuwa imeoshwa.

"Yeyo," ulisema, "kama mimi ndio malipo, sasa nikienda si utakuwa umeibiwa tena?"

Nami, mama yako, mtu aliyesimama mbele ya Kajiado nzima akaongea na Mungu kwa mizani, nilikuambia, "Osha hiyo sufuria na huku ndani." Nikatoka.

Sasa nakujibu. Hapana, mwanangu. Hukuja mahali pa Lemayian. Mahali pake papo, hapajajazwa, na sitaki mtu apajaze. Nikiwa na watoto kumi patabaki wazi vile vile. Wewe ulikuja na mahali pako, na nilipopatengeneza sikutoa kwake hata kidogo. Sijui kwa nini yeye alikufa. Nimeacha kuuliza kosa, lakini swali la kwa nini bado naliuliza, na sidhani Mungu anachukia kuulizwa. Sijui pia kwa nini nilipewa wewe. Sikuwa nimefanya jema lolote la kustahili wewe, kama vile sikuwa nimefanya ovu la kustahili kile kingine. Hayo mawili sikuweza kuyaweka kwenye mizani moja, na Mwalimu Tipape na elimu yake pia alishindwa.

Huko uendako utakutana na watu walioumizwa bila sababu. Mimi nilimpenda aliyekaa kwenye jerikeni bila kuleta sababu. Sina zaidi ya hilo la kukufundisha.

Nakusikia langoni, unaongea na mbwa kama kawaida yako, kwa hiyo naacha hapa nikakupashie chakula. Nitaweka karatasi hii katikati ya nguo zako, uisome ukishafika. Usikae Kisumu ukihesabu kama ninatosheka huku. Soma, zunguka, penda watu, kosana nao, chelewa kunipigia simu. Na likizo ikifika, uje nyumbani kwa sababu umetamani maziwa ya kibuyu na kelele za baba yako. Kama siku hiyo hutamani, usije. Mimi nitakuwa salama, na nitakuwa mama yako.

Yeyo wako